Usiku sita kwenye kijumba kisicho na umeme, milima ya Kiboriani (Mpwapwa): kabla hujapanda, piga hesabu ya maji

#1 Binti Chamwino (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni.

Watu wa Dodoma tumekuwa tukiulizana humu kila mara: sikukuu zikikaribia twende wapi, zaidi ya kukimbilia Dar au Arusha? Mimi jibu nimelipata kilomita kama 120 tu kutoka mjini. Mwezi wa saba nilipanda milima ya Kiboriani, ile inayosimama juu ya mji wa Mpwapwa, nikiwa na baba yangu, mzee wa miaka 71. Tulilala usiku sita kwenye kijumba cha mbao na bati. Umeme wa gridi hakuna, bomba hakuna, na mtandao unaupata ukisimama juu ya jiwe moja lililo nyuma ya choo. Naandika kwa kirefu kwa sababu kuna jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia kabla sijaenda. Nawaomba msome mpaka mlifikie.

Safari yenyewe haina maneno mengi. Coaster asubuhi kutoka stendi ya Nanenane, lami ya Morogoro mpaka Mbande, hapo mnaiacha barabara kuu, Kongwa, Mpwapwa. Mpwapwa tulishuka, tukanunua nyanya, vitunguu na mkate, tukapanda bodaboda mbili mpaka njia ilipowashinda, kisha miguu. Mzigo mkubwa ulikuwa mtungi wa gesi wa kilo 6, kijana mmoja alitubebea. Kabla ya kufika tulipita ofisi ya kijiji tukaandika majina kwenye kitabu cha wageni. Msiruke hatua hii. Mgeni anayeonekana mlimani bila kujulikana na serikali ya kijiji anawatia watu wasiwasi, na mkipata tatizo usiku, wa kuwasaidia ni haohao. Na kama mnakusudia kuingia ndani ya hifadhi ya msitu, ulizeni kibali mapema huko chini.

Kijumba kina chumba kimoja kikubwa, vitanda viwili vya mbao, meza, dirisha moja linalotazama bondeni. Jiko liko nje, chini ya kibanda cha nyasi. Choo ni cha shimo, hatua kama thelathini, na ndani kuna kopo la majivu: ukimaliza unamwaga majivu, hakuna harufu wala inzi. Juu ya bati kuna paneli moja ndogo ya sola ya wati 50, betri moja na taa tatu. Mwenye kijumba ni mwalimu mstaafu anayeishi Dodoma mjini. Kule juu yupo msimamizi na mkewe, ambao nyumba yao iko mteremkoni kidogo.

Baridi. Mtu wa Dodoma anajua kipupwe, lakini kile cha mjini ni salamu tu. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto linashuka kama nyuzi 6, na upepo wa mlimani unaingia kwenye kila ufa wa mbao. Bati linapoza chumba haraka sana jua likizama. Baba alilala usiku wa kwanza na koti, soksi na mablanketi mawili. Asubuhi akaigonga mbao ya ukuta kwa vidole, akasema, "Hii nyumba ni ya kutazamwa. Tembe ingetulaza vizuri."

Kwa wasiojua, baba amezaliwa kwenye tembe, upande wa Chamwino. Kuta za miti iliyosimikwa na kukandikwa udongo, na juu paa la bapa la magogo, nyasi na tabaka nene la udongo. Mchana udongo ule unazuia jua, usiku unarudisha joto taratibu mpaka alfajiri. Aliishi humo mpaka Operesheni Dodoma ya 1971, familia yao ilipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Sijawahi kumsikia akieleza habari za ile nyumba kwa urefu kama alivyoeleza mlimani. Nadhani ni giza lililomfungua mdomo. Mwezi wa saba jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, saa moja kumeshakuwa giza totoro, na jua halirudi mpaka saa moja kasorobo asubuhi. Hizo ni karibu saa kumi na mbili. Taa ya sola ilikuwa inakufa saa tatu. Tulikuwa tunakaa na tochi imezimwa, tunasikia fisi mbali kule bondeni, na mzee anaongea.

Usiku wa pili nilifanya kosa ambalo lingeweza kutugharimu uhai. Niliona baba anatetemeka, nikachukua jiko la mkaa lililobaki na moto, nikaliingiza ndani, nikafunga mlango na dirisha. Saa nane usiku baba aliniamsha. Kichwa kilikuwa kinampasuka na miguu haina nguvu. Alijikokota, akafungua mlango, akaketi kizingitini. Mimi nilipoinuka nilitapika. Wenzangu, mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na ikiingia kwenye damu inakalia nafasi ya oksijeni. Usingizi unakuwa mzito tu mpaka mwisho. Hata mkaa uliofunikwa majivu, unaoonekana umezimika, bado unaitoa. Mlimani joto letu ni blanketi, kofia ya sufu na chupa ya maji ya moto miguuni. Jiko linabaki nje, hata baridi iwe kali kiasi gani.

Sasa maji.

Siku ya kwanza tulikuta madumu matatu ya lita 20 yamejaa, yamepangwa mlangoni. Nikaoga ndoo nzima ya maji moto, nikafua leggings zangu zilizojaa vumbi la bodaboda, nikaosha vyombo kwa maji ya kumwaga. Jioni madumu mawili yalikuwa matupu. Asubuhi yakawa yamejaa tena. Sikuuliza. Nilikuwa nimelipa shilingi 40,000 kwa usiku na kichwani mwangu maji yalikuwa ndani ya hizo hela.

Siku ya tatu niliamka mapema kutazama mawio, nikakutana na mke wa msimamizi anapanda kilima na dumu kichwani. Ana umri kama wangu. Alikuwa ametoka nyumbani kabla ya saa kumi na moja. Nilimfuata safari iliyofuata. Chemchemi iko mwendo wa dakika arobaini kushuka, na kurudi ni zaidi kwa kuwa unapanda na kilo ishirini kichwani. Mwezi wa saba maji yanatoka membamba kama kidole cha mtoto. Unaweka kata chini ya jiwe, unasubiri ijae, unamimina kwenye dumu, unarudia. Nyuma yetu walikuwa wanawake wanne na wasichana wawili wenye sare za shule. Dumu langu la kuogea lilikuwa linawachelewesha wale watoto shule.

Nilimuuliza analipwa kiasi gani kwa dumu. Akasema maji ni kazi ya nyumbani, anayelipwa ni mume wake kwa usimamizi. Akaongeza, bila kulalamika, kwamba kundi la wageni waliotutangulia walikuwa wanamaliza madumu sita kwa siku.

Nilirudi nikamweleza baba. Hakunigombeza. Alichukua beseni, akachota kata moja ya maji, nusu yake akaiweka kando. Nusu iliyobaki aliimimina kidogo kidogo kwenye kiganja: mikono kwanza, kisha uso, nyuma ya masikio, shingo, mwisho miguu, na yote yakadondokea kwenye beseni. Maji ya beseni akayapeleka kwenye mche wa mchaichai uliokuwa pembeni ya jiko. Ile nusu aliyoweka kando ikawa ya kusukutua. "Hivi ndivyo tulivyokuwa tunaoga mwezi wa kumi," akasema. Ana simtanki nyumbani kwake sasa, na bado mkono wake haujasahau.

Tangu siku hiyo tulitumia dumu moja na nusu kwa siku, watu wawili, yaani lita 15 kwa mtu. Kunywa lita 3, kupika na kuosha vyombo lita 5, kuoga lita 6, iliyobaki mikono. Inatosha kabisa. Vyombo unavifuta kwanza kwa majivu kabla ya kuvigusa na maji. Maji ya kuoshea mboga yanaoshea sufuria. Ya kunywa tulichemsha, na siku moja gesi ilipotusumbua tulitumia dawa ya kutibu maji, tukasubiri nusu saa kama chupa inavyoelekeza.

Nashauri hivi kwa yeyote anayekwenda kijumba kama hiki, mlima wowote. Uliza kabla ya kulipa: maji yanatoka wapi, nani anayabeba, na analipwa yeye mwenyewe kiasi gani kwa dumu? Kama jibu halieleweki, kubaliana na mbebaji, mkononi mwake. Mimi nilimlipa yule dada shilingi 1,000 kwa kila dumu, pamoja na yale ya siku mbili za mwanzo.

Nitajibu maswali.

#2 Zabibu Nyeupe

Asante sana dada, na mpe mzee shikamoo. Chakula mlipikaje? Na nyinyi mlipanda na gesi wakati kuni zimejaa kule, kwa nini?

#3 Binti Chamwino

Marahaba yake utaipata, nitamfikishia salamu. Chakula: unga wa uwele, mlenda wa kukausha, karanga, dagaa, mayai ya kununua kwa majirani. Maharage yaacheni nyumbani, au yapikeni kabisa mkiwa Dodoma. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwenye joto dogo zaidi, karibu nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300, kwa hiyo yanatokota lakini hayaivishi kwa kasi ileile. Yetu yaliingia jikoni saa sita mchana tukala saa moja usiku.

Kuni hazijajaa. Ukifika utaona miteremko iliyo wazi na visiki. Mji wa Mpwapwa unaishi kwa maji yanayotoka milimani, na chemchemi niliyoieleza inategemea miti iliyobaki juu yake. Mgeni anayewasha moto mkubwa wa kuota kila jioni kwa ajili ya picha anachoma mlango wa maji ya mtu. Mtungi mmoja wa kilo 6 ulitutosha siku zote sita na ukabaki.

#4 Mpwapwa Mjini

Nimesoma mstari kwa mstari. Mimi nipo huku chini. Aliyoandika kuhusu miti ni kweli tupu. Sisi mvua tunapata msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, baada ya hapo miezi saba au minane ni kutegemea kile ambacho mlima umekihifadhi. Mlima ukiwa na msitu, mvua inazama ardhini na kutoka polepole kwenye chemchemi. Mlima ukiwa mtupu, mvua hiyohiyo inashuka kwa siku moja ikiwa tope, inabomoa madaraja na reli huko Gulwe, na mwezi wa nane mabomba yanakauka. Wageni karibuni. Njooni na gesi zenu.

#5 Mkondoa Halisi

Nami niongeze ya kwetu Kondoa. Milima ya Irangi ilikuwa imekatwa na makorongo mpaka ikaonekana kama mifupa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na 1979 serikali ikaamua kuondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika zaidi. Wazee wetu waliumia sana, kwa sababu ng'ombe ndiye benki, ndiye mahari, ndiye maziwa ya mtoto. Mpaka leo ukimuuliza babu anakuambia mwezi na siku walipoondoka. Lakini miti ilirudi, tena mingi bila kupandwa na mtu, kutoka kwenye visiki na mbegu zilizokuwa ardhini.

Siku hizi vijiji vingi vya Dodoma wanafanya kisiki hai: kisiki kinachochipua hukikati, unachagua machipukizi machache yenye nguvu, mengine unapogoa, unakiwekea alama ili kila mtu ajue kinatunzwa. Mizizi iko chini tayari, kwa hiyo mti unakua haraka kuliko mche wa kitaluni, na hauhitaji kumwagiliwa. Mgeni wa mlimani akiona kisiki chenye alama asikiguse.

Na mkitaka mlima wenye kitu cha kutazama, njooni Kolo, barabara ya Babati, lami mpaka hapo. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006. Lala kijijini, amka mapema, panda na mwongozaji. Msiloweshe michoro maji ili ionekane vizuri kwenye picha, inaharibika.

#6 Fundi Sola Area C

Dada, niruhusu nizungumzie ile taa inayozimika saa tatu, maana hiyo si tabia ya sola, ni ugonjwa.

Paneli ya wati 50, kwa jua la Dodoma tuhesabu saa 5 za jua kali, inatoa saa-wati 250 kwa siku. Toa upotevu wa waya, joto na vumbi, una kama 180 mkononi. Taa tatu za LED za wati 5, ukiwasha saa nne, zinakula 60. Simu mbili zinakula 30. Jumla 90. Ulipaswa kubakiwa na nusu. Kwa hiyo betri imechoka, na mara nyingi kinachochosha betri za vijumba hivi ni wageni wanaochaji kompyuta mpakato na spika za muziki mpaka taa zizime zenyewe. Betri ya asidi ukiimaliza kabisa mara kadhaa haipokei tena chaji kama zamani. Kanuni yangu kwa wateja: usishuke chini ya nusu.

Jambo la pili, angalieni paneli imeelekea wapi. Sisi tuko kusini ya ikweta, mwezi wa sita na wa saba jua linapita kaskazini. Ilale ikielekea kaskazini, mwinuko mdogo tu wa kama nyuzi 10 hadi 15, maji na vumbi viteremke. Nimekuta paneli nyingi zimefuata tu mteremko wa bati, ukiwa unaelekea kusini basi umepoteza umeme wa kipupwe kizima. Na ifutwe. Vumbi la Dodoma wiki tatu tu linatosha kufanya kioo kiwe kama kimepakwa unga.

#7 Binti Chamwino

Kaka, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nimekumbuka sasa, bati lenye paneli linatazama upande wa bondeni, na bonde lile liko kusini. Nimempigia mwalimu, amesema atamwambia msimamizi aigeuze.

#8 Nyikani

Dada nisamehe nikisema ninavyoona. Mimi nimezaliwa kitongoji ambacho nguzo za umeme hazijafika. Tunasikia vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa, na ni kweli kijijini kwetu umeme upo, pale ofisini na kwenye zahanati. Kitongojini kwetu bado. Mama yangu amechota maji tangu nikiwa mgongoni mwake na leo anachota akiwa na maumivu ya nyonga. Kwa hiyo ninapoona mtu analipa elfu arobaini ili aishi kwa wiki moja maisha ambayo mama yangu hakuyachagua, halafu anayaita mapumziko, moyo unaniuma. Sikuhukumu wewe, umeandika kwa heshima. Lakini hili nisingeweza kulipita kimya.

#9 Binti Chamwino

Kaka, hujanikosea. Nimekaa na maneno yako tangu jana usiku.

Nilipokutana na yule dada kilimani nilijisikia hivyohivyo unavyosema. Nilitaka kuondoka siku ileile. Baba ndiye aliyenizuia. Aliniambia, ukiondoka leo dumu halitakuwa jepesi, ila wao watakosa hela za siku tatu zilizobaki. Kaa, punguza unachotumia, lipa unachotumia, na uwasikilize.

Tukawasikiliza. Baba aliwasalimia kwa "Mbukwa", salamu ya Kigogo, siku ya kwanza, kwa hiyo walikuwa wanakuja jioni kuketi naye. Yule dada hakutaka tumwonee huruma. Alichotaka ni gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa, kwenye bati la kijumba, na tangi. Alisema kila mwaka kuanzia Desemba anatazama maji yanamwagika kutoka kwenye paa lile, yanachimba udongo mbele ya mlango, kisha kesho yake anateremka kwenye chemchemi. Amekuwa akilisema hilo, lakini hakuna aliyelisikia kama jambo la maana kwa sababu wageni hawalalamikii maji. Hawalalamiki kwa sababu madumu wanayakuta yamejaa.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba si kila anayepanda anapaswa kuita pale mapumziko na kuishia hapo. Mpe mama pole nyingi kwa nyonga. Kama paa la nyumba yake ni la bati, nitafurahi tuongee inboksi kuhusu hesabu ya gata, haina gharama kubwa kama watu wanavyofikiri.

#10 Nyikani

Paa ni bati. Nitakutafuta. Asante kwa kunijibu vizuri.

#11 Mwana Hanang

Nawaomba wote wanaopanga safari ya msimu wa mvua wasome hapa. Sisi tuko chini ya Mlima Hanang, zaidi ya mita 3,400. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilishusha tope, mawe na magogo kutoka mlimani mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Tulizika watu wengi, na nyumba zilizokuwa kwenye njia ya maji hazikuacha hata msingi.

Ukifika kwenye kijumba chochote cha mlimani, zunguka nje kabla ya kutua mzigo. Kipo kwenye korongo? Juu yake kuna mteremko mkali usio na miti? Kuna mawe makubwa yaliyolala kama yaliletwa na maji? Basi usilale hapo Desemba wala Aprili, hata kama mandhari ni mazuri na umeshalipa. Mvua ikinyesha usiku kucha, kijito kikabadilika rangi ghafla au kikakata maji wakati mvua bado inanyesha, ondoka uende mahali palipoinuka, pembeni ya njia ya maji. Usisubiri kukuche.

#12 Mama Pacha

Naomba kuuliza, nina watoto wa miaka miwili. Naweza kwenda nao?

#13 Binti Chamwino

Dada, mimi ningesubiri kidogo. Baridi ya usiku ni kali, zahanati iko mbali kwa miguu, na bodaboda haifiki mlangoni. Kama una hamu sana, anza Mei au Septemba, usiku mmoja tu, na uwe na neti, kipimajoto na dawa zao mkononi. Kagueni viatu na matandiko kila asubuhi, tuliona nge mara mbili. Ila watoto wakubwa wapelekeni. Alfajiri pimbi wanatoka kuota jua kwenye mawe, ukikaa kimya wanakusogelea mpaka hatua tano.

#14 Zabibu Nyeupe

Na nyota je? Nimesikia huko juu usiku ni kama mchana.

#15 Binti Chamwino

Hilo naweza kuandikia uzi mwingine. Siku ya nne baba aliniamsha saa kumi na moja alfajiri, akaniambia nivae. Akanionyesha Kilimia upande wa mashariki, kile kikundi kidogo cha nyota kilichosongamana. Nina miaka 38 na nilikuwa nalijua jina tu, kutoka kwenye ule msemo wa watu wa pwani, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Baba alisema kwao walikuwa wanakitazama wapate kujua wakati wa kusafisha mashamba. Mjini Dodoma, kwa taa hizi za barabara mpya, sijawahi kukiona. Tulisimama mpaka miguu ikafa ganzi.

#16 Binti Chamwino: MREJESHO

Wanajukwaa, niliahidi kurudi.

Mwalimu mwenye kijumba aliusoma uzi huu, alitumiwa na mtu. Alinipigia, tukaongea kwa muda mrefu. Hakuwa anajua habari za madumu sita. Tulikubaliana yeye anunue simtanki la lita 1,000, sisi na baba tununue gata na bomba za kushushia. Fundi Sola alijitolea betri iliyotumika lakini nzima, Mungu ambariki. Tangi lilipanda mlimani mwezi wa kumi na moja, limebebwa na vijana wanne kwa miti.

Hesabu ni hii, kwa Nyikani na wengine walioniuliza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la kijumba ni mita 6 kwa 5, yaani mita za mraba 30. Mvua moja ya milimita 20 inaangusha lita 600. Toa ya kuosha paa mwanzoni na yanayorukia nje, unavuna kama 480. Mvua mbili za namna hiyo, tangi limekaribia kujaa. Mvua ya kwanza ya msimu iachieni ipite bila kuikinga, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa tangi uwekewe wavu, mbu wasizaliane.

Malipo ya maji sasa yameandikwa kwenye karatasi ukutani: shilingi 1,000 kwa dumu la chemchemi, anapewa aliyelibeba. Na anayetaka kuota moto anaambiwa aje na gesi na blanketi.

Juzi Jumapili yule dada alinipigia kutoka kwenye lile jiwe la nyuma ya choo, upepo unavuma mpaka nilikuwa simsikii vizuri. Mvua ilikuwa imenyesha kuanzia saa tisa usiku. Alisema aliamka kwa mazoea, akachukua dumu na kata, akafika mlangoni kwa kijumba akasikia maji yanaanguka ndani ya tangi. Akaligonga kwa ngumi kutoka chini kwenda juu mpaka mlio ulipobadilika. Yalikuwa yamefika usawa wa kifua chake. Akarudi kulala.